Mungania na Nyumba ya Ghorofa ya Nne

Wabera, Isiolo
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako dada yangu mpendwa Kajuju,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Janice na Gitobu mdogo, na kwamba baridi ya Timau haiwatesi sana. Kifua cha Janice kimepoa? Mwambie mama yake mdogo anamfumia sweta, ila mkono mmoja umetoka mrefu kuliko mwingine na sijui nifumue au nimwachie hivyo hivyo. Mama alipiga simu juzi kutoka Laare, anasema miguu inamsumbua lakini mdomo wake ni mzima kabisa, kwa maana alinigombeza kwa nusu saa. Sisi huku tunaishi na jua letu na vumbi letu, hakuna jipya upande huo.

Najua unashangaa kuletewa barua na Bisharo, jirani yako wa zamani wa Bulla Pesa, mtu mnayepigiana simu kila wiki. Nimempa kwa sababu anapita hapo Timau akienda Nanyuki kuchukua vitambaa vya duka, na kwa sababu ni yeye aliyekupelekea habari za kwanza, basi abebe na zilizobaki. Ulinipigia Alhamisi ukaniuliza kama ni kweli mimi, Kagwiria, ndiye niliyemuuzia Mungania nyumba. Nikakwambia mtandao ni mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri sana. Ni kweli, ni mimi. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujaniita jina lolote.

Unakumbuka nilikwambia nimepata kazi kwa Mama Sabdio. Ndiye mwenye lile jengo la ghorofa nne lililokuwa lojingi ya wasafiri zamani, ambalo sasa amelikarabati na kuligawa kuwa nyumba za kuuza. Mimi ndiye ninayeshika funguo, ninawapandisha wateja ngazi na kuwaonyesha vyumba, na nyumba ikinunuliwa napata changu kidogo. Mama Sabdio ni mtu wa dini na ana sharti moja ambalo halivunjwi. Kila mteja lazima aambiwe kasoro zote za nyumba kwa mdomo kabla hajaweka sahihi. Anasema mali iliyouzwa kwa kufichwa kasoro haina baraka kwa aliyeuza, na yeye hataki kwenda kujibu maswali ya mabomba siku ya kiyama. Nilipoanza kazi nilimcheka kimoyomoyo. Nikadhani hatutauza hata choo.

Mwezi wa kumi, nani akatokea pale mlangoni na shati lake lililopigwa pasi? Mungania. Amehamishiwa ofisi ya hapa Isiolo, amepandishwa cheo, na anataka nyumba ya kumfaa mtu wa cheo chake. Alinikuta na funguo mkononi akashtuka kidogo, kisha akaniita shemeji na kuniuliza habari ya nyumbani, kana kwamba tuliachana jana kwenye chai.

Dada, sitaki kukuchokoza kidonda, lakini nisipoyasema haya hutaelewa kilichonipanda kichwani. Miaka tisa uliuza miraa pale stendi, mvua kwako, jua kwako, ukajenga ile nyumba ya Bulla Pesa chumba baada ya chumba. Mawe ya msingi uliyabeba ukiwa na mimba ya Janice. Bwana yuko Nkubu ofisini, anakuja Ijumaa jioni na kuondoka Jumatatu asubuhi, na hati ikaandikwa jina lake kwa sababu wewe ulisema mume ni mume. Kisha ukaenda matanga ya shangazi siku nne tu, ukarudi ukakuta ameshaiuza, kufuli mpya na mbuzi wa watu wamefungwa kwenye mlango wa jiko lako. Sufuria zako alikuwa amezitupa kwa Bisharo ndani ya magunia. Wewe ulilia wiki nzima. Mimi sikulia hata tone. Niliyaweka moyoni.

Wazee wa ukoo wao walipokaa Kianjai, Mzee Kaimenyi akasema wazi kwamba bei ya ile nyumba igawanywe sehemu mbili, na nusu ni yako. Mungania akakubali mbele yao kwa heshima zote, kisha ikawa mara benki, mara bado anafikiria, mara wiki ijayo. Nawe umepata hicho kipande cha shamba hapo Timau, na mwenyewe ameahidi kukungojea ulipe mpaka Krismasi. Nilikuwa nayajua hayo yote siku ile Mungania aliposimama mlangoni. Nataka ujue kwamba nilikuwa nayajua.

Sasa nikueleze nyumba yenyewe, iliyo ghorofa ya nne, juu kabisa. Ukiingia, Kajuju, unaweza kuvua viatu bila kuambiwa. Chini ni vigae vyeupe vikubwa, vimelazwa kwa ustadi hata huoni vinapokutana. Dari ni ya jipsamu iliyochongwa duara katikati, ina taa zilizofichwa zinazogeuka rangi ukibonyeza, buluu, waridi, kijani. Jikoni kuna meza ya graniti nyeusi yenye madoa ya kumetameta na makabati yanayojifunga yenyewe pole pole bila kugonga. Vyumba vya kulala vina makabati ya ukutani yenye vioo vya kimo cha mtu. Bafuni kuna shawa ya maji moto na kioo chenye taa pembeni. Na sebuleni kuna dirisha la alumini kutoka ukuta hadi ukuta, ukisimama hapo unaona mji wote mpaka milimani. Hata mimi siku ya kwanza nilisimama hapo nikajiona mke wa waziri.

Ndio uzuri wake, na uzuri wenyewe haukudanganyi, upo. Lakini jengo ni la zamani. Bomba lake hupata maji siku mbili tu kwa wiki, na siku hizo yakifika ghorofa ya pili ujue yamejitahidi. Tangi la juu ni moja kwa nyumba kumi na mbili, na pampu yake inafanya kazi ikipenda. Lile dirisha kubwa linatazama magharibi, na wewe unalijua jua la Isiolo la saa tisa mchana. Juu ya ile dari nzuri ni mabati matupu, hakuna ghorofa nyingine ya kukinga, kwa hivyo joto linaingia kwa dirisha na linaingia kwa paa. Chini kabisa, upande wa barabara, kuna mafundi wa kuchomelea milango ya chuma wanaoanza kugonga saa moja asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi. Lifti hakuna. Mahali pa kuanika nguo hakuna, ila kwenye kibaraza cha tangi huko juu, na huko upepo umeshachukua shuka za watu wawili.

Nilipomwona Mungania anapapasa ile graniti kwa kiganja, niliomba Mungu Mama Sabdio asahau sharti lake siku hiyo moja tu. Nilitaka aingie mzima mzima. Alikuwa amechagua Jumapili mwenyewe kwa sababu ya kazi, kwa hivyo mafundi hawakuwepo, na jana yake ilikuwa siku ya maji, kwa hivyo alipofungua bomba lilitoa maji ya kutosha akaridhika akalifunga. Asubuhi, dirisha la magharibi ni kivuli kitupu na upepo mtamu. Kila kitu kilikuwa upande wangu isipokuwa mdomo wangu, ambao ulikuwa umeapishwa.

Basi nikamwambia. Nilianza na jua. Akasema yeye ni mtu wa mwanga, hapendi nyumba za giza kama za vijijini. Nikamwambia habari za mafundi, akasema saa moja asubuhi mtu wa maana ameshaamka. Ngazi akasema ni mazoezi ya mwili. Ndipo nikafika kwenye maji, na hapo alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema amekaa Bulla Pesa miaka tisa na hakuwahi hata siku moja kukosa maji ya kuoga, hivyo nisimletee hadithi za shida ya maji katika mji anaoujua.

Dada, umesikia? Miaka tisa! Kila Jumatano ulikuwa unapanga foleni na mitungi kumi, unasukuma mkokoteni wa kukodi, unayajaza yale mapipa mawili nyuma ya jikoni, ili Ijumaa bwana akifika akute ndoo bafuni na sufuria ya maji moto juu ya jiko. Hakuwahi kuuliza yanatoka wapi. Yule mtu alidhani ni bomba! Nilimwangalia na shati lake, nikaona mambo yote kwa mara moja. Sikuhitaji kumficha chochote. Kwanza hajui, na pili, akiambiwa na mimi hataamini, kwa sababu mimi ni dada yako.

Nikazidisha. Nilimweleza kila kasoro mara ya pili, taratibu, kwa sauti ya mtu mwenye uchungu. Nilimwambia kwamba kama ningekuwa yeye nisingenunua. Akatabasamu lile tabasamu lake la kutoa upande mmoja wa mdomo, akaniambia anajua kinachoniuma, kwamba sitaki kumwona akikaa pazuri baada ya mambo ya dada yangu, lakini maisha lazima yaendelee. Akaniambia niache wivu, haufai kwa msichana mzuri kama mimi. Nilitazama chini kwenye vile vigae vyeupe ili asione uso wangu. Mama Sabdio alikuwa amepanda nasi, amekaa kwenye kiti karibu na mlango, akasikia yote, na aliporudi ofisini akanisifu kwamba nimesema haki hata mbele ya adui. Nikamshukuru.

Alihamia tarehe moja, pamoja na bibi yake mpya kutoka Nkubu, na kochi la ngozi lililopanda ghorofa nne kwa migongo ya watu sita. Nikwambie ukweli, Kajuju, sijawahi kufurahi hivyo tangu nimalize shule. Wiki ya kwanza kochi lilianza kunuka kwa jua. Wiki ya pili walibandika magazeti kwenye lile dirisha la kuonea milima, na mpaka leo yako hapo, ukipita barabarani unaweza kusoma matokeo ya mpira. Wiki ya tatu bibi alirudi kwao akisema hawezi kuosha nywele kwa kikombe. Shawa ya maji moto imetoa maji siku nne tangu wahamie, nimehesabu. Muuza maji wa mkokoteni hapandi zaidi ya ghorofa ya kwanza hata umlipe nini, kwa hivyo afisa mzima, na cheo chake, anapokea mitungi chini na kuipandisha mwenyewe, miwili miwili, anapumzika kila ngazi ikipinda. Mafundi wa chini wamezoea kumwona, wanamsalimia kwa kumpa pole.

Alikuja ofisini kulalamika. Mama Sabdio akamwuliza taratibu kama hakuambiwa. Akageuka kunitazama mimi. Nilikuwa nimekaa pale na kalamu yangu, nikamwuliza kama anapenda nimpe kiti. Nililala usingizi mzuri sana siku hiyo.

Ningeweza kuishia hapa na kukutumia salamu, na najua ungecheka, halafu ungenisamehe kwa kukukatia simu. Nimeanza kuiandika barua hii mara tatu na mara zote nimeishia hapa. Lakini kuna Jumamosi moja sijakwambia, kati ya siku alipoiona nyumba na siku alipoweka sahihi.

Jumamosi hiyo alikuja peke yake, Mama Sabdio akiwa msibani Kulamawe. Aliomba aione nyumba tena. Hakuvigusa vigae wala graniti, alikaa kwenye sakafu ya sebule, mgongo ukutani, shati halijapigwa pasi. Aliniambia kwamba Mzee Kaimenyi amempigia na kumwambia wazee wako tayari kulitaja jina lake kwa ubaya mbele ya ukoo, na kwamba tangu asikie neno hilo hakuli vizuri. Alisema nyumba hii ikinunuliwa itachukua yote, haibaki hata ya kumpa mtu. Alisema labda aiache, atafute kitu kidogo cha kupanga, akupe wewe nusu yako, apumzike na maneno. Akatoa simu yake, akatafuta jina lako, akanipa nikupigie mimi, kwa sababu aliogopa kwamba ukisikia sauti yake utakata.

Nilishika simu hiyo, dada. Jina lako lilikuwa kwenye kioo chake, bado amekuandika Mama Janice. Kidole changu kilikuwa juu yake. Ulikuwa huko Timau kazini kwenye nyumba za kukuzia maua wakati huo, ungepokea ukiwa na glavu mkononi. Na mimi, badala ya kukuona wewe na kipande chako cha shamba, nilimwona yeye. Nilimwona akikupa nusu yako, wazee wakimshika mkono, yeye akirudi kulala usingizi wa mtu mwema. Angekuwa amemaliza. Angelipa, na kulipa kungemponya. Mimi sikutaka alipe, nilitaka aumie.

Nilimrudishia simu nikasema haina mtandao. Kisha nikamwambia uongo wangu mkubwa katika biashara hii yote. Nilisema kuna mwalimu mkuu mmoja anayekuja Jumatatu na pesa taslimu, na kwamba nilipomtaja Mungania yule mwalimu alicheka akasema mtu wa mshahara kama ule hawezi nyumba ile, atazunguka zunguka tu. Hakuna mwalimu kama huyo, Kajuju. Nilimtunga hapo hapo, na kicheko chake nikakitunga. Mungania alisimama, akajipangusa suruali, akaniuliza Mama Sabdio atarudi lini. Jumapili akaweka sahihi. Nusu yako ikaenda pamoja na yake, yote, ikawa vigae na dari.

Mzee Kaimenyi alikuja kumwona juma lililopita, akapanda ngazi zile kwa fimbo, akaona magazeti dirishani na kochi limepasuka, akashuka akaniambia hapa hakuna cha kugawanya, nyumba hii hata ikiuzwa nani atainunua, habari zake zimeshaenea mji mzima. Anayeeneza ni mimi. Nilikuwa nikizisimulia kila mahali, sokoni, kanisani, kwa Bisharo, kwa furaha tu, wala sikufikiria kwamba namwondolea kila mnunuzi. Kwa hivyo ujue usimngoje. Mwambie mwenye shamba mapema kabla Krismasi haijafika, usije ukaaibika.

Sikuombi msamaha, maana ningeomba ningekuwa nadanganya mara ya pili. Leo asubuhi nikienda kanisani nilimwona kwenye ngazi na mitungi yake, amesimama ghorofa ya pili, kifua kinapanda na kushuka, na nikacheka peke yangu barabarani. Ndiyo sababu sikuweza kukwambia kwa simu. Ungekisikia kicheko. Nimejaribu kukizuia tangu nianze kuandika na bado kipo, hata sasa, ninapojua kwamba kila kigae anachokanyaga yule mtu ni nusu yako, na aliyekitandika chini ya miguu yake ni mimi.

Nisalimie watoto, mbusu Janice kwenye paji la uso. Msalimie na jirani yako Everline aliyewapokea vizuri siku mlipofika. Ukitaka kunijibu, Bisharo anarudi Jumanne. Usipotaka, mpe sweta ya zamani ya Janice tu, nipate kipimo cha mkono.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado hujui utamwita nani,

Kagwiria